Kukompaili upya libm itumie FPU ya prosesa kwenye bodi ya ARM, bila kubomoa mfumo mzima

Kuna bodi nyingi za ARM ambazo prosesa yake ina FPU, yaani ile sehemu ya chipu inayopiga hesabu za namba zenye nukta moja kwa moja, lakini mfumo uliowekwa juu yake hauigusi kabisa. Mfano wa karibu ni Raspberry Pi ya kwanza na Pi Zero ya kwanza, zile zenye ARM1176JZF-S (hiyo F ndiyo inayokuambia FPU ipo), ukiiwekea Debian 12 ya kawaida unapata armel (toleo la Debian la ARM lisilotumia FPU), na armel imejengwa kwa ajili ya prosesa za kuanzia ARMv5TE ambazo nyingi hazina FPU, kwa hiyo kila kujumlisha na kuzidisha kwa desimali kunafanywa na softiwea. FPU ipo, umeilipia, inakula usingizi.

Hapa nitaelekeza jinsi ya kukompaili upya laibrari ya hesabu ya mfumo, libm, ile yenye sin, cos, exp, log, pow, sqrt na wenzake, ili itumie FPU halafu programu zako za zamani ziendelee kufanya kazi vilevile bila kuguswa. Watu wengi wanadhani hili haliwezekani mpaka ubadilishe mfumo wote, si kweli, ni flagi moja tu ambayo watu wanairuka.

Ila kabla hujaenda mbali. Kama programu zako zote una sosi kodi zake, achana na mwongozo huu, weka mfumo uliojengwa kwa hard float (yaani hesabu za desimali zinapigwa na FPU) tangu mwanzo na maisha yaendelee. Kwa Pi za zamani hiyo ni Raspbian (siku hizi Raspberry Pi OS ya biti 32), ambayo ilizaliwa Julai 2012 kwa sababu hiihii: Pi ilipotoka mwanzoni mwa mwaka huo Debian yake ilikuwa ya soft float (hesabu kwa softiwea), na armhf ya Debian, yaani toleo lake la hard float, ilikuwa inadai ARMv7 wakati Pi ni ARMv6, basi Mike Thompson na Peter Green wakakaa wakajenga upya pakeji za Debian kwa ARMv6 yenye hard float. Usije ukachukua armhf ya Debian yenyewe ukaiweka kwenye Pi Zero ya kwanza, itakutupia "Illegal instruction" hata kabla hujaona logini.

Anayehitaji njia hii ni yule aliyefungwa na programu ambayo hana sosi kodi yake. Tuchukulie una kifaa cha kupima mtetemo wa mota kiwandani, mtengenezaji alikupa programu moja tu, faili limeshakompailiwa kwa armel, na inakokota miguu kwa sababu kwa kila sampuli inaita sin, cos, sqrt na log10. Mtengenezaji ukimwandikia hajibu, au anajibu kwamba ununue kifaa kipya. Hata Pi wenyewe walipitia hii, Raspbian ilipotoka ilibidi kando yake waendelee kuweka picha ya wheezy (Debian 7) ya soft float kwa ajili ya watu wa Java, maana Java ya Oracle ya ARM wakati ule ilikuwa haijui hard float.

Kwanza jua una nini mkononi

Fungua terminali kwenye bodi upige hizi:

```
grep Features /proc/cpuinfo
dpkg --print-architecture
readelf -h /lib/arm-linux-gnueabi/libm.so.6 | grep Flags
readelf -A /lib/arm-linux-gnueabi/libm.so.6
```

Kwenye Pi ya kwanza mstari wa Features unatoka hivi: `half thumb fastmult vfp edsp java tls`. Unachotafuta ni neno `vfp`, VFP ndilo jina la FPU ya ARM. Lisipokuwepo kuna mambo mawili, ama chipu haina FPU kweli (vile viboksi vya NAS vyenye Marvell Kirkwood kwa mfano, hapo hata uombe vipi hakuna kitu), ama chipu inayo ila kaneli imejengwa bila `CONFIG_VFP`. Angalia kwa `grep VFP /boot/config-$(uname -r)`. Kaneli isipoiwasha FPU, amri ya kwanza ya VFP ikigusa prosesa programu inakufa papo hapo kwa SIGILL, kwa hiyo usiendelee mpaka hapo paeleweke.

Ya pili itasema `armel`. Ikisema `armhf` funga ukurasa huu, wewe tayari unatumia FPU. Ikisema `arm64` ndiyo kabisa, kule FPU ni sehemu ya kawaida ya mfumo.

Ya tatu inatakiwa iwe na maneno `soft-float ABI` (ABI ni makubaliano ya jinsi funksheni zinavyopeana namba), na ya nne isiwe na mstari wa `Tag_FP_arch`. Hapo umethibitisha kwamba libm uliyonayo ni ya softiwea tupu. Ukitaka kujiridhisha zaidi hesabu amri za kuzidisha za VFP:

```
objdump -d /lib/arm-linux-gnueabi/libm.so.6 | grep -c 'vmul\.f64'
```

Jibu ni 0. Unaweza kukutana na amri mojamoja za `vmrs` na `vmsr` humo, zisikuchanganye, hizo ni za kusoma na kuweka hali ya FPU kwenye funksheni za fenv na glibc (laibrari kuu ya C ya mfumo, libm ni kipande chake) inauliza kwanza kaneli kama VFP ipo kabla ya kuzigusa.

Soft, softfp, hard

Hapa ndipo penye moyo wa mambo yote kwa hiyo tulia kidogo. GCC ya ARM ina flagi inaitwa `-mfloat-abi` na inakubali thamani tatu.

`soft` maana yake kompaila haitoi amri hata moja ya FPU. Ukiandika a*b kwenye C, inaita funksheni `__aeabi_dmul` iliyoko libgcc, laibrari ndogo ya kompaila yenyewe. Hiyo funksheni inachukua double yako ya biti 64, inaichana, biti 1 ya alama, biti 11 za kipeo, biti 52 za sehemu ya desimali, inarudisha ile 1 iliyofichwa mbele, inazidisha vipande kwa `umull` mara kadhaa kwa sababu rejista ni za biti 32, inajumlisha vipeo, inasogeza, inakadiria mwishoni, inafunga tena. Makumi ya amri kwa kuzidisha kumoja. Na sin moja ndani yake ina kuzidisha na kujumlisha kwingi, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe.

`hard` maana yake inatumia amri za FPU na pia funksheni zinapeana namba kupitia rejista za FPU, d0, d1 na kuendelea. Ndiyo yenye kasi kuliko zote lakini aliyekompailiwa kwa hard hawezi kuongea na aliyekompailiwa kwa soft, mmoja anaweka namba kwenye d0 mwingine anaitafuta kwenye r0 na r1. Linka yenyewe itakataa, itakuambia `uses VFP register arguments` na faili lingine `does not`. Na ukijaribu hard kwenye mfumo wa armel mara nyingi hata hufiki huko, unakwama mapema kwenye `gnu/stubs-hard.h: No such file or directory`.

`softfp` ni ya katikati na ndiyo yetu. Ndani inatumia amri za FPU kwa raha zake, lakini mlangoni inapokea na kutoa namba kupitia r0 hadi r3 kama soft. Ni kama fundi cherehani aliyekubali kuendelea kupokea oda kwa daftari lilelile la zamani ila chumba cha nyuma kaweka mashine ya umeme, mteja haoni tofauti zaidi ya kwamba nguo inatoka mapema. Programu ya armel ikiita `sin`, inaweka namba kwenye r0 na r1 kama ilivyozoea, libm yako mpya inaihamishia kwenye d-rejista kwa `vmov`, inapiga hesabu yote kwa FPU, inarudisha jibu kwenye r0 na r1. Basi.

Huko kuhamisha kuna gharama yake. Kwenye ARM1176 si ya kukunyima usingizi. Kwenye Cortex-A8 kutoa namba FPU kwenda rejista za kawaida ni ghali, mizunguko kama 20, na ndiyo sababu moja iliyofanya watu wahangaikie armhf. Ila kwa funksheni kubwa kama sin au pow gharama hiyo inalipwa mara moja tu kwa kila mwito, hesabu nzito iko katikati.

Kitu kingine cha kufurahisha, VFP haina amri ya sin wala exp. Ina kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya, kipeuo cha pili, kulinganisha na kubadilisha aina, basi. Haifanani na x87 ya Intel yenye `fsin` yake (ambayo usahihi wake ukikaribia pai una matatizo yanayojulikana). Sin ya glibc ni majedwali na polinomia zilizoandikwa kwa C ya kawaida, kwa hiyo huhitaji kuandika upya kitu chochote, unabadilisha flagi tu na kila `*` na `+` ndani ya sosi inageuka kuwa `vmul.f64` na `vadd.f64`. Sqrt ndiyo inayofaidi kuliko zote maana inakuwa amri moja, `vsqrt.f64`.

Je, itakusaidia kweli?

Usianze kukompaili kabla ya kujibu hili. Libm mpya inaharakisha kazi inayofanyika ndani ya libm peke yake. Programu ya mtengenezaji ina `__aeabi_dmul` yake iliyolinkiwa humohumo ndani ya faili lake, hiyo huwezi kuibadilisha kutoka nje. Kama muda wote unaliwa na mizunguko ya kuzidisha ndani ya programu yenyewe, utakompaili libm mpaka uchoke na hutaona kitu.

Weka pakeji ya linux-perf halafu programu ikiwa inafanya kazi:

```
sudo perf record -p $(pidof mtetemo) -- sleep 30
sudo perf report --sort dso
```

Hata kama programu imeondolewa majina ya funksheni zake, hii inakuonyesha muda unaliwa kwenye faili gani. Ukikuta libm.so.6 inakula nusu au zaidi, endelea, utafurahi. Ukikuta inakula kipande kidogo na kilichobaki chote ni programu yenyewe, okoa muda wako. Na ukikuta kuna laibrari nyingine hapo juu, tuseme libfftw3 (ya kuchambua mawimbi kwa FFT), hiyo ni habari njema, maelezo yake yako chini.

Kukompaili

Unaweza kufanya kwenye bodi yenyewe lakini sikushauri, Pi Zero ina RAM MB 512 na kiini kimoja na glibc ni kubwa, utaiacha usiku kucha na kadi ya SD itaisoma namba. Tumia laptopu yenye Debian 12 vilevile, na nasema 12 kwa makusudi, maana libm ni sehemu ya glibc na inachungulia vitu vya ndani vya libc ambavyo vinabadilika toleo kwa toleo. Bodi ikiwa na glibc 2.36 na wewe ukijenga 2.36, mambo shwari. Hakikisha kwa `ldd --version` kwenye bodi.

Kwenye laptopu, hakikisha mistari ya deb-src ipo kwenye vyanzo vya apt halafu:

```
sudo apt install build-essential gcc-arm-linux-gnueabi gawk bison python3 dpkg-dev
apt-get source glibc
mkdir jenga && cd jenga
../glibc-2.36/configure --prefix=/usr \
  --build=x86_64-linux-gnu --host=arm-linux-gnueabi \
  --disable-werror \
  CC="arm-linux-gnueabi-gcc -march=armv6 -mfpu=vfp -mfloat-abi=softfp" \
  CFLAGS="-O2"
make -j4
```

Maelezo kidogo. `apt-get source` inakuletea sosi ikiwa imeshabandikwa viraka vya Debian, ndiyo maana nimeitumia badala ya kuchukua glibc mbichi ya GNU. Folda ya `jenga` lazima iwe kando, glibc haikubali kujengwa ndani ya folda ya sosi yake. Jina la kompaila ni `gnueabi` na si `gnueabihf`, ukikosea hizo herufi mbili utajenga kitu cha hard na hakitafaa. Flagi za FPU nimeziweka kwenye CC na sio CFLAGS kwa sababu zinatakiwa zifike kila mahali, kuanzia majaribio ya configure, faili za asembli, hadi kulinki, CFLAGS haifiki kote huko.

`-O2` iache. Glibc haikubali kabisa kukompailiwa bila optimaizesheni, na ukijifanya mjanja ukaweka `-ffast-math` unaharibu laibrari ambayo kazi yake yote ni kuwa sahihi kwenye NaN, infiniti na biti ya mwisho.

Kama bodi yako sio Pi ya zamani badilisha flagi. Kwa Cortex-A8, A9 na jamaa zao weka `-march=armv7-a -mfpu=vfpv3-d16`. Kuna mtu atauliza mbona sio NEON (sehemu ya chipu inayopiga hesabu kadhaa kwa pamoja), jibu ni kwamba NEON ya ARMv7 haifanyi double kabisa, ni float za biti 32 tu, na namba ndogo mno inazifanya sifuri, kwa libm haina maana.

Ikimaliza, utakuta `math/libm.so` ndani ya folda ya jenga. Ichunguze kabla haijaenda popote:

```
readelf -h math/libm.so | grep Flags
readelf -A math/libm.so
arm-linux-gnueabi-objdump -d math/libm.so | grep -c 'vmul\.f64'
arm-linux-gnueabi-objdump -d math/libm.so | grep -c 'vsqrt\.f64'
```

Flags bado iseme `soft-float ABI`, hii ndiyo ile ahadi ya mlangoni. `Tag_FP_arch` sasa iseme VFPv2 na kusiwe na mstari wa `Tag_ABI_VFP_args: VFP registers`, ukiuona huo umejenga hard, futa folda uanze upya. Na hizo hesabu mbili za mwisho zisiwe 0.

USIPIGE `make install`. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu vidole vimezoea. Tunataka faili moja tu:

```
arm-linux-gnueabi-strip --strip-unneeded -o libm.so.6 math/libm.so
scp libm.so.6 mimi@bodi:/tmp/
```

Halafu kwenye bodi:

```
sudo mkdir -p /opt/hesabu
sudo install -m 644 /tmp/libm.so.6 /opt/hesabu/
```

Majaribio

Andika programu mbili fupi kwenye bodi, ukompaili kwa gcc ya kawaida ya armel bila flagi yoyote ya FPU, maana tunataka ziwe kama ile programu ya mtengenezaji. Ya kwanza ni ya kasi:

```
#include <stdio.h>
#include <math.h>
int main(void) {
    volatile double s = 0;
    int i;
    for (i = 1; i < 1000000; i++)
        s += sin(i * 0.001) + log10(i) + sqrt(i);
    printf("%.17g\n", s);
    return 0;
}
```

```
gcc -O2 kasi.c -o kasi -lm
time ./kasi
time LD_LIBRARY_PATH=/opt/hesabu ./kasi
```

Tofauti utaiona kwa macho bila kuhitaji saa ya mkononi. Isipoonekana, piga `LD_LIBRARY_PATH=/opt/hesabu ldd ./kasi` uone kama libm inatoka /opt/hesabu kweli, mara nyingi ni jina la faili, lazima liwe `libm.so.6` sio `libm.so`.

Ya pili ni ya usahihi na hii ndiyo muhimu zaidi kwangu, kasi bila usahihi kwenye kifaa cha kupimia ni balaa:

```
#include <stdio.h>
#include <math.h>
int main(void) {
    double x;
    for (x = 0.001; x < 2000.0; x += 0.013)
        printf("%a %a %a %a\n", sin(x), exp(-x/50), log10(x), sqrt(x));
    return 0;
}
```

```
gcc -O2 sahihi.c -o sahihi -lm
./sahihi > zamani.txt
LD_LIBRARY_PATH=/opt/hesabu ./sahihi > mpya.txt
cmp zamani.txt mpya.txt && echo sawa
```

`%a` inachapisha namba kwa heksadesimali kwa hiyo hakuna biti inayofichwa na makadirio ya kuchapisha. Kwenye VFPv2 natarajia `sawa`, kwa sababu softiwea na FPU zote zinafuata kanuni zilezile za IEEE 754 na hata amri yake ya kuzidisha-na-kujumlisha, `vmla`, inakadiria katikati kama vile umefanya mara mbili. Kwenye prosesa za VFPv4 ukikompaili kwa `-mfpu=vfpv4` kompaila inaweza kutumia FMA ya kweli ambayo inakadiria mara moja tu mwishoni, hapo utaona tofauti za biti ya mwisho hapa na pale, sio kosa, lakini kama kifaa chako kimekalibretiwa na majibu yanalinganishwa na ya zamani basi baki na `vfpv3-d16`.

Namba ndogo mno, zile zinazokaribia sifuri mpaka kipeo kimeisha, ARM1176 haizimalizi yenyewe, inamrushia kaneli azimalizie kwa softiwea. Jibu linatoka sahihi ila polepole. Programu inayochuja sauti au mtetemo ikiachwa na ingizo la ukimya mara nyingi inazalisha namba za aina hiyo, kwa hiyo ukiona kasi inashuka pale mota inapozimwa, usishangae.

Mtu makini atauliza je, libc ya zamani ya soft itajua kuhifadhi rejista za FPU pale programu inapofanya setjmp na longjmp? Inajua. Glibc ya ARM hata ikijengwa kwa soft inaangalia kama kaneli imetangaza VFP, ikiipata inahifadhi d8 hadi d15. Walioiandika walishafikiria kwamba siku moja mtu ataleta laibrari ya softfp katikati ya mfumo wa soft. Kubadilishana kwa michakato nako ni kazi ya kaneli na inahifadhi rejista hizo bila kujali nani kazitumia.

Kuiweka iwe ya kudumu

Kuna wanaoichukua libm mpya na kuifunika juu ya ile ya /lib/arm-linux-gnueabi. Usifanye. Apt inategemea libstdc++ na libstdc++ inategemea libm, siku libm ikigoma hata apt ya kujiokolea haifunguki. Pia `cp` juu ya faili linalotumika muda huohuo inaandika ndani ya faili lilelile ambalo programu zimelishika kwenye memori, zinaanza kuanguka moja baada ya nyingine. Na hata kama ukifanikiwa, sasisho lijalo la libc6 litarudisha ya zamani kimyakimya.

Njia safi ni kuipa programu moja inayohitaji. Kama inaendeshwa na systemd:

```
sudo systemctl edit mtetemo.service
```

Ndani yake:

```
[Service]
Environment=LD_LIBRARY_PATH=/opt/hesabu
```

Kisha `sudo systemctl restart mtetemo`, na uhakikishe kwa `grep libm /proc/$(pidof mtetemo)/maps`. Ukitaka kurudi nyuma unafuta huo mstari, hakuna kilichoharibika.

Kwa programu za Python inafanya kazi vilevile, `math.sin` inaita libm, ila kuzidisha kwa kawaida ndani ya Python bado ni kwa softiwea kwa sababu Python yenyewe ni ya armel.

Zile laibrari nyingine

Kama perf ilikuonyesha libfftw3 au laibrari nyingine ya Debian ndiyo inayokula muda, hapo faida inaweza kuwa kubwa kuliko ya libm, kwa sababu humo kuna kuzidisha kutupu. Hizi ni rahisi kuliko glibc, kwenye bodi yenyewe (au kwenye chroot ya armel) chukua sosi uijenge kama pakeji ya kawaida:

```
sudo apt-get build-dep fftw3
apt-get source fftw3
cd fftw3-*/
export DEB_CFLAGS_APPEND="-march=armv6 -mfpu=vfp -mfloat-abi=softfp"
dpkg-buildpackage -b -uc -us
```

Kisha toa .so kutoka kwenye .deb iliyotoka kwa `dpkg-deb -x` uiweke /opt/hesabu pamoja na libm, pamoja na ile simlinki ya jina lenye namba ya toleo. Ichunguze kwa readelf kama tulivyofanya juu, maana kuna pakeji ambazo mfumo wao wa kujenga hausikilizi flagi za nje na utabaki na soft ileile huku unajipongeza.

Usijaribu mbinu hii kwa laibrari za C++ zenye mambo mengi ya kubebana na libstdc++ kabla hujaizoea kwa zile za C. ABI ni ileile, lakini mambo yakienda kombo utatafuta tatizo mahali ambapo halipo.

Ukipandisha toleo la mfumo

Ndani ya Debian 12 masasisho ya libc6 yanabaki kwenye 2.36 na viraka tu, libm yako itaendelea kufanya kazi. Siku ukipanda toleo kwenda Debian 13, glibc inaruka na libm ya /opt/hesabu inakuwa ya kale, programu mpya zinazoiona zitakuambia ``version `GLIBC_2.38' not found`` kwa sababu toleo hilo lilileta mfano `fmod` mpya yenye lebo yake. Kwa hiyo kabla ya kupanda, toa ule mstari wa Environment, panda, halafu jenga libm upya kwa toleo jipya. Na fahamu kwamba Debian wameshatangaza kwamba 13 ndiyo ya mwisho kwa armel, picha za kuinstolia hawatoi tena, kwa hiyo kama kifaa kinafanya kazi vizuri kwenye 12 na hakiko wazi kwenye intaneti, kiache hapohapo.